Tukue kwanza, tusafishe baadaye? Jibu kwa mwalimu wa Ludewa

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Nchi za Ulaya, Marekani na hata China zilitajirika kwa kuchoma makaa ya mawe, na sasa tunaambiwa tutumie jua na upepo. Sisi tumekalia makaa ya Mchuchuma, na bado umeme hautoshi. Kwa nini tusiyachome kwanza, tukue kiuchumi, kisha tusafishe mazingira tukishapata uwezo? Na makaa hayo yakibaki ardhini, watu wa huku tutapata nini?

Jibu:

Ndugu Mwalimu,

Swali lako lina madai ya haki ndani yake, na ni vyema yatambuliwe kabla ya jambo lingine lolote. Bara zima la Afrika huchangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na matumizi ya nishati duniani, ilhali kusini mwa Sahara wapo watu wapatao milioni 600 wasio na umeme kabisa. Ukiiweka kando Afrika Kusini, mkazi wa kawaida wa eneo hilo hutumia chini ya uniti 200 za umeme kwa mwaka, wakati Mmarekani hutumia zaidi ya 12,000. Anayemtaka mkulima wa Ludewa awe wa kwanza kujinyima ili dunia isizidi kupata joto hamtendei haki, na mimi simuungi mkono. Tanzania inahitaji umeme mwingi kuliko wa leo, tena mara nyingi zaidi, na mpango wowote wa nishati usioanzia hapo haufai kujadiliwa.

Ninachokipinga katika hoja yako ni dhana kwamba makaa ndiyo njia ya mkato ya kuufikia ukuaji huo. Yaliitajirisha Uingereza kwa sababu wakati ule hapakuwa na nishati nyingine nyingi na rahisi kuyashinda. Hesabu hiyo imebadilika, hasa baada ya paneli za jua kushuka bei kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010, na kwa nchi zenye mito, jua na joto la ardhini kama zetu imebadilika zaidi. Kinachotukwamisha leo ni gharama ya fedha tunazokopa, uhaba wa njia za kusafirisha umeme, na upangaji unaoshindwa kuoanisha umeme unaozalishwa na wateja wa kuutumia. Vikwazo hivyo vitatu vingetukwamisha hata tungechoma makaa yote ya Mchuchuma na Ngaka.

Tazama nchi ya Kiafrika iliyokwisha kuifuata njia unayoipendekeza. Afrika Kusini huzalisha takriban asilimia 80 ya umeme wake kwa makaa, na kwa miongo kadhaa umeme huo ulikuwa wa bei ya chini mno, ukaendesha migodi pamoja na viwanda vya chuma na aluminiamu. Mwaka 2007 na 2008 shirika la umeme la nchi hiyo, Eskom, lilianza kujenga vituo viwili vikubwa vya makaa, Medupi na Kusile, kila kimoja kikiwa na uwezo wa karibu megawati 4,800. Ujenzi ulichelewa kwa miaka mingi, gharama zikapanda mbali na makadirio ya mwanzo, na Eskom ikazama katika madeni huku mitambo yake ya zamani ikichakaa na kuharibika mara kwa mara. Nchi yenye uchumi mkubwa wa viwanda kuliko nyingine barani iliishi na mgawo wa umeme kuanzia mwishoni mwa 2007, mgawo uliokuja na kuondoka kwa miaka zaidi ya kumi na mitano na kufikia ukali wake mwaka 2023, ukawafanya wenye viwanda, maduka na nyumba wajifungie paneli zao wenyewe. Makaa walikuwa nayo tele.

Zaidi ya hapo kuna suala la nani atakukopesha. Septemba 2021 Rais Xi Jinping aliutangazia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena vituo vipya vya makaa nje ya nchi yake, na hapo ukafungwa mlango ambao kwa vituo vingi vya aina hiyo katika nchi zinazoendelea ulikuwa umebaki kuwa tegemeo. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuonja ugumu wa njia hii: kituo cha makaa cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Lamu kilifutiwa leseni ya mazingira na Mahakama ya Mazingira mwezi Juni 2019, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kituo cha makaa ni deni la miaka thelathini au arobaini. Ukikianza leo, utakuwa bado unakilipa wakati wanunuzi wa bidhaa zako wameanza kukutoza kwa moshi wake, na kwa kweli wameshaanza: tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza gharama ya kaboni kwenye chuma, saruji, aluminiamu na mbolea zinazoingia katika soko lake.

Sasa nizungumzie fedha, maana hapa ndipo mizani yenyewe ilipo, na ndipo mijadala mingi ya majukwaani isipofika. Mtambo wa dizeli au wa gesi hununuliwa kwa bei ya wastani, kisha sehemu kubwa ya gharama hulipwa kidogokidogo kadiri mafuta yanavyochomwa. Mtambo wa jua, wa upepo au wa maji haununui mafuta, ila unadai karibu gharama yake yote mwanzoni, kama mpangaji anayedaiwa kodi ya nyumba ya miaka ishirini siku anayohamia. Kwa hiyo riba ya mkopo ndiyo inayoamua bei ya uniti.

Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme megawati moja ya umeme wa jua inajengwa kwa dola 1,000,000 na inazalisha uniti 1,700,000 kwa mwaka, na mkopo unarejeshwa kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 4, rejesho la mwaka ni takriban dola 73,600, yaani senti 4.3 za dola kwa kila uniti. Kwa riba ya asilimia 12, rejesho linafika dola 133,900, na uniti ileile inagharimu senti 7.9. Jua ni lilelile na paneli ni zilezile, lakini bei imekaribia kuongezeka maradufu kwa sababu tu mkopeshaji anaiona nchi fulani kuwa ya hatari. Mtambo wa mafuta hauguswi na riba kwa kiasi hicho, na ndiyo maana nchi maskini hujikuta zikichagua nishati chafu ambayo mwisho wa safari ni ghali zaidi. Zinaichagua kwa kukosa fedha za mwanzo.

Kwa sababu hiyo mimi huzipima ahadi za nchi tajiri kwa masharti ya mikopo yake kuliko kwa ukubwa wa tarakimu zinazotangazwa. Mwaka 2009 huko Copenhagen ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea, lengo hilo lilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha zenyewe ilikuwa mikopo. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika kuhusu mpango wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Mpango huo utafaulu au utashindwa kwenye riba na dhamana. Nchi zilizojitajirisha kwa makaa zinadaiwa, nakubaliana nawe kabisa, na njia yenye manufaa ya kulipa deni hilo ni kushusha riba ya nishati safi kwetu na kubeba hatari ambazo wakopeshaji binafsi wanazikwepa.

Kwamba hatari hizo zinaweza kubebwa, Kenya imeonyesha. Uchimbaji wa visima vya mvuke huko Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza mwaka 1956, lakini umeme wa kwanza ulipatikana 1981. Kisima kimoja huweza kufika kina cha kilomita tatu na kugharimu mamilioni ya dola, na baada ya yote hayo kikakosa mvuke wa kutosha. Hakuna benki ya biashara inayopenda kukopesha shimo ambalo huenda likawa tupu. Serikali ikabeba hatari hiyo kupitia KenGen, shirika lake la kuzalisha umeme, na baadaye kupitia kampuni ya uendelezaji wa jotoardhi, kwa msaada wa mikopo ya masharti nafuu. Leo jotoardhi ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote katika gridi ya Kenya, na ukijumlisha maji, upepo na jua, takriban asilimia 90 ya umeme wao hautokani na mafuta. Safari hiyo ilichukua miaka mingi, na nadhani hatuna budi kuuangalia kwa subira hiyohiyo mvuke wetu wa Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya.

Kenya hiyohiyo inafundisha jambo la pili, lenye uchungu kidogo. Mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, yalikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kilomita zaidi ya 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa imekamilika. Mpaka ilipokamilika mwaka 2018, upepo ulivuma bure huku mkataba ukiitaka nchi ilipie umeme ambao haukufika kwa mtu yeyote. Hata ardhi yenyewe ikaleta kesi: mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za eneo hilo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Nishati safi inaweza kumdhulumu mwananchi kama chafu inavyoweza, na ninaomba hilo lisifichwe katika mijadala hii. Huko Olkaria nako, usiku viwanda vinapolala, mvuke umekuwa ukiachiliwa hewani kwa kukosa mteja, hata ikabidi Desemba 2017 viwanda vipewe punguzo la nusu ya bei ili viongeze kazi za usiku. Wenye viwanda wa Kenya bado wanalalamika kuhusu ankara zao. Umeme safi unaopangwa vibaya huwa ghali vilevile.

Hapa kwetu unakumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2023. Miezi michache baadaye, mitambo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilipowashwa, hali iligeuka kiasi kwamba Machi 2024 TANESCO ilizima kwa muda vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Bwawa lile lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na lilijengwa kwa zaidi ya shilingi trilioni 6. Ni kazi kubwa ambayo nchi inastahili kujivunia. Pamoja na hayo, mwaka 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na wananchi wengi wakashangaa. Sababu ni umbali: sehemu ya umeme unaotoka Rufiji hupotea njiani kabla ya kufika Arusha na Kilimanjaro, na laini za upande huo ni dhaifu. Kwa maoni yangu, shilingi itakayofuata katika sekta hii iende kwanza kwenye laini za msongo mkubwa na vituo vya kupoza umeme, hata kabla ya kituo kipya cha uzalishaji. Wewe unao ushahidi karibu. Kabla laini ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea haijakamilika mwaka 2018, Songea na miji ya jirani iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, yenye umeme wa gharama kubwa na wa kukatikakatika. Waya ndio uliyoyazima.

Bwawa hilo pia linatuachia hatari ambayo lazima itajwe. Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere vyote hunywa maji ya bonde moja, la Rufiji. Mvua ikikosekana katika nyanda za juu kusini, vituo hivyo vitapungukiwa kwa pamoja, jambo tulilolionja katika ukame wa 2006 na 2011 tukiwa na mitambo midogo zaidi. Zambia, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutoka kwenye maji, iliumia vibaya mwaka 2024 ziwa Kariba lilipopungukiwa maji: majumbani umeme ulikatika kwa sehemu kubwa ya siku, na migodi ya shaba ikalazimika kuagiza umeme kutoka nje.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuiache gesi yetu. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiendesha mitambo ya Ubungo na tanuri za saruji za Wazo Hill tangu 2004, na ile ya Mtwara ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2015. Mtambo wa gesi huwashwa na kuzimwa haraka, na hewa ukaa yake ni karibu nusu ya ile ya makaa kwa uniti moja. Mahali pake panapofaa ni kuwa akiba ya mwaka wa ukame na ya saa za jioni, pamoja na kutoa joto viwandani na malighafi ya mbolea. Umeme wa jua nao una kazi mahususi katika mpangilio huo: mchana paneli zinapofanya kazi, maji hubaki bwawani, na jioni watu wanapowasha taa na televisheni, maji hayo huachiwa kwenye mitambo. Bwawa linakuwa ghala la jua bila kununua betri. Mradi wa Kishapu mkoani Shinyanga, uliopangwa kufika megawati 150 kwa awamu, umewekwa mahali penye jua na mbali na Rufiji, na miradi ya namna hiyo ningependa iwe mingi zaidi katika mikoa ya kati na ya kanda ya ziwa.

Ukuaji wenyewe unahitaji wateja wa umeme huo. Treni ya umeme ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma iliyoanza 2024 ni mteja wa aina ninayoitaka, kwa kuwa kila kontena litakalohama kutoka kwenye lori na kupanda treni linapunguza dizeli tunayoinunua kwa dola. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: Januari 2024 ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya abiria ya petroli na dizeli, na sababu kuu iliyotolewa ilikuwa mzigo wa fedha za kigeni zinazokwenda kwenye mafuta ilhali nchi ina umeme wake wa maji. Uamuzi huo ni mkali, na sidhani kwamba tuuige ulivyo, lakini unaonyesha kwamba nishati safi kwa nchi isiyo na mafuta ni sera ya uchumi hata kabla haijawa sera ya mazingira.

Kuna moshi mwingine ambao hoja ya makaa huusahau, na ndio unaoua watu wetu leo: ule wa kuni na mkaa jikoni. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi itasaidia mijini, lakini gesi hiyo huagizwa kutoka nje. Vijiji vimefikiwa na umeme kwa kasi kubwa, na jiko la presha la umeme huchemsha maharage kwa chini ya uniti moja. Kinachozuia ni mpangilio wa bei. Mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi, na akizidi, bei hupanda zaidi ya mara tatu. Familia inayopika kwa majiko yenye ufanisi hutumia uniti moja hadi mbili kwa siku, na ukijumlisha taa, televisheni na pasi, inavuka kiwango hicho kwa urahisi. Tunamwambia mama aache mkaa, kisha tunamwadhibu kwa kutii. Kuinua kiwango hicho kwa kaya zinazopikia umeme kungegharimu kidogo kuliko kituo chochote kipya, na kungeongeza matumizi ya umeme ambao nyakati nyingine tunashindwa kuuuza.

Nimalizie na swali lako la mwisho, la watu wa Ludewa. Si halali kuwaambia watu waache utajiri ulio chini ya miguu yao bila kuwaambia watapata nini badala yake. Afrika Kusini ilikifunga kituo cha makaa cha Komati, mkoani Mpumalanga, Oktoba 2022, Benki ya Dunia ikatoa takriban dola milioni 497 ili eneo liwe la jua, upepo na mafunzo ya kazi. Kituo kilizimwa kabla ajira mpya hazijawa tayari, na mji uliokizunguka ukadhoofika. Sitaki jambo hilo litokee kwenu hata kwa namna ya kinyume chake, yaani kuahidiwa mgodi na kituo kwa miaka mingi huku hakuna kinachoendelea. Mradi wa makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga ulisainiwa mkataba mwaka 2011, ukiwa na kituo cha makaa cha megawati 600 ndani yake, na mpaka leo mnasubiri.

Mkoani mwenu kuna miradi miwili ya maji ambayo imesubiri mtaji kwa muda mrefu: Ruhudji, megawati 358, na Rumakali huko Makete, megawati 222. Ukizijumlisha unapata 580, karibu sawa kabisa na kituo cha Mchuchuma, na Rumakali hutiririkia Ziwa Nyasa, nje ya bonde la Rufiji. Mradi mdogo wa Mawengi, katika wilaya yako, umeonyesha kwa kipimo cha kijiji kwamba maji ya milima hiyo yanaweza kuwasha mashine za kusaga na taa za shule. Makaa ya Ngaka na ya kwenu yataendelea kuhitajika kwa muda katika viwanda vya saruji, kwa sababu joto la tanuri hizo bado ni gumu kulipata kwa umeme, na kazi za mgodi wa kiasi hicho ni halali. Chuma cha Liganga kitauzika vizuri zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kikichakatwa kwa umeme wa Ruhudji na Rumakali kuliko kwa moshi wa Mchuchuma. Viongozi wenu watakapokuja kuzungumzia mradi huo, waulizeni mambo mawili: mkopo wake ni wa riba gani, na fungu gani la mapato litabaki katika halmashauri ya Ludewa, lililoandikwa ndani ya mkataba wenyewe kabla haujasainiwa.